Toyota IST nzito mlima wa Newala, imeleta kodi ya hitilafu P0325, fundi anataka tuchomoe sensa

Mtoto wa Kitangali:
Wakuu habari za saa hizi. Nina IST injini 1NZ, wiki ya pili sasa taa ya cheki injini inawaka, kutoka Mtwara mjini kwenye tambarare naenda vizuri tu ila nikianza kupanda kwenda Newala gari inakuwa nzito kama nimepakia magunia ya korosho na niko peke yangu, mafuta nayo inakunywa balaa. Mashine ya kupima gari imeleta P0325, sensa ya noki. Fundi anasema haina kazi, tuchomoe soketi maisha yaendelee. Ni kweli??

Umeme wa Magari Mikindani:
Usikubali mkuu, hilo ndo sikio la injini. Iko hivi, cheche inapigwa nyuzi kadhaa za mzunguko wa injini kabla pistoni haijafika juu, maana mafuta yanahitaji muda kuungua. Ukiiwahisha mno, mchanganyiko uliobaki pembeni ya silinda unajilipukia wenyewe kabla moto haujaufikia, hiyo ndo noki, ule mlio wa ka-ka-ka ukikanyaga mlimani, ukiachwa hivyo unaua pistoni. Sasa ndani ya sensa kuna kristali, ikitikiswa inatoa umeme kidogo, na noki ina mlio wake, injini nyingi ni karibu 6 mpaka 7 kHz, yaani mitetemo elfu 6 mpaka 7 kwa sekunde. Kompyuta inausikiliza kila silinda ikishapiga cheche kwa hiyo inajua hata ipi imegonga, inachelewesha cheche hapo hapo, ikiona kimya inairudisha kidogo kidogo. Sikio likifa kompyuta inaogopa, inachelewesha muda wote, ndo huo uzito na ulaji wa mafuta. Ukichomoa soketi umeufanya ugonjwa uwe wa kudumu!!

Mama Tandahimba:
Kabla hujanunua sensa angalia waya jamani. Yangu ilipaki msimu mzima karibu na ghala la korosho panya wakatafuna waya kule chini ya manifodi (mabomba ya hewa ya injini), nikaja kujua nimeshanunua sensa mbili za bure.

Umeme wa Magari Mikindani:
Kweli kabisa dada. Na ikibidi kufunga mpya, inapokaa kwenye bloku pasafishwe mpaka chuma kionekane, ikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, nyingi ni 20 Nm, ikilegea haisikii vizuri.

Mtoto wa Kitangali:
Asanteni sana. Tumefungua jioni hii, waya mzima ila pini za soketi zimeota kutu ya kijani, hizi hewa za bahari. Tunasafisha, Jumamosi napanda Newala nitaleta mrejesho.