Mlango wa Sabaki: transekti jirani zinapingana

pwani37
Habari za jioni wakuu. Nimetoa mstari wa ufuo wa Malindi, kuanzia gatini hadi mlango wa mto Sabaki, kwa NDWI (kielezo cha kutenganisha maji na nchi kavu kwenye picha za satelaiti): picha ya Landsat 5 ya 1990 na ya Sentinel-2 ya 2023. Nimepima kwa DSAS (programu ya mabadiliko ya ufuo), transekti, yaani mistari inayoukata ufuo, kila mita 50. Karibu na mto, moja inasema ufuo umeongezeka mita 6 kwa mwaka, jirani yake umeliwa mita 5. Nimekosea wapi?

mchoraramani
Kwanza, maji yalikuwa wapi? Satelaiti hizi hupita kwetu kati ya saa tatu na nusu na saa tano asubuhi. Siku za bamvua, saa hizo maji yamekupwa. Siku za maji mafu yanakaribia kujaa. Kwenye mteremko wa 1:40, tofauti ya kimo ya mita 2 inausogeza mstari mita 80 na hakuna mchanga uliohama. Tafuta picha ambazo vimo vyake kwenye jedwali la maji havipitani sentimita 30, na zote za kaskazi au zote za kusi.

Pili, achana na NDWI hapo. Tope la Sabaki hurudisha mwanga wa infraredi ya karibu, maji yakahesabiwa nchi kavu. Tumia MNDWI, inayotumia infraredi ya mawimbi mafupi badala yake: bendi 2 na 5 kwa Landsat 5, bendi 3 na 11 kwa Sentinel-2. Pikseli ya bendi 11 ni ya mita 20, usijidanganye kuwa unapima kwa 10.

bint_shela
Na transekti zako bila shaka zinakatana. Mstari msingi, ule ambao transekti huanzia, umeingia na mpindo wa mto, ndiyo maana. Ukate mlangoni, kila upande ujitegemee, umbali wa kulainisha (unaonyoosha mwelekeo wa transekti) uanze mita 500. Mlango wenyewe uache nje: unahamahama.

Hesabu na kosa, kwa pikseli za mita 30 za Landsat na 20 za Sentinel: mzizi wa (30² + 20²) ni mita 36. Gawa kwa miaka 33, unapata 1.1 kwa mwaka. Chochote chini ya hapo kiandike "hakuna badiliko".

pwani37
Shukrani. Ramani ya karatasi niliyoskani nayo imekaa zaidi ya mita 300 kando.

mchoraramani
Hiyo ni Arc 1960, mfumo wa zamani wa majira ya ramani. Ipe namba ya mfumo huo, EPSG:21037, kisha ibadilishe kwenda 32737 (WGS 84). Usiisukume kwa mkono.