Kasi kwenye utepe wa skrini: mbona jicho linachelewa?

Mwewe
Habari wakuu. Nahamia Cessna 172 (ndege ndogo) yenye Garmin G1000, yaani skrini mbili badala ya geji za mviringo nilizozoea. Kwenye geji jicho lilipita tu, nikajua kasi iko sawa. Kwenye utepe, ule ukanda wima wa tarakimu za kasi, lazima nisome tarakimu, na nikikaribia kutua nachelewa. Unatazamwaje? Na skrini ikizima je?

Futi_Elfu
Macho yako hayana kosa. Mshale wa geji unatambulika kwa pembe yake. Kwenye utepe kielekezi kimetulia palepale na tarakimu ndizo zinazotembea, kwa hiyo hakuna pembe ya kukariri. Acha kukimbizana na tarakimu, tazama kile kimstari cha zambarau kando ya utepe: ncha yake inaonyesha kasi utakayokuwa nayo baada ya sekunde 6. Uko noti 65 (maili za baharini kwa saa), ncha imeteremka hadi 58? Shusha pua au ongeza nguvu sasa hivi, usingoje tarakimu zifike. Kimstari kisipoonekana, kasi imetulia. Geji haikuwahi kukupa hicho.

Kimo unachokiendea nacho kichague mapema kwenye skrini hata ukirusha kwa mkono. Zikibaki futi 1,000 kukifikia, kidirisha chake kinamweka, na zikibaki 200 kinamweka tena.

Saa_Sita_Juu
Utepe unazoeleka. Mimi naogopa zaidi modi za otopailoti, yaani namna ulizoiagiza irushe ndege yenyewe. Airbus A320 ya Air Inter iliyoanguka karibu na Strasbourg tarehe 20 Januari 1992 na kuua watu 87: kidirisha kilekile kiliandika -3.3 kwa nyuzi za kushuka, na -33 kwa futi 3,300 kwa dakika. Nukta tu! Wachunguzi waliona kuchanganya modi ni maelezo yenye uzito, na baadaye Airbus wakaandika tarakimu zote nne.

Kwako wewe: ukibonyeza kitufe, usikiamini kitufe. Soma mstari wa modi juu ya skrini, kwa sauti. Modi ya kijani inafanya kazi, nyeupe inasubiri zamu yake.

Pitoti
Kuhusu kuzima, tofautisha mambo mawili. Skrini ikiwa nyeusi, bonyeza kile kitufe chekundu katikati ya skrini mbili. Taarifa muhimu zinahamia ile iliyo nzima. Ila ukiona X nyekundu kitufe hakisaidii, maana data yenyewe haiji. X kwenye kasi na kimo, tatizo ni kompyuta ya hewa. Kwenye upeo wa macho na mwelekeo ni kihisi cha mkao. Nenda kwenye vifaa vya akiba na dira.

La hatari ni bomba la pitoti, linalopokea hewa ya mbele ili kupima kasi, likiziba: X huenda isitokee kabisa. Likiziba pamoja na kitundu chake cha kutolea maji, kasi "inapanda" kadiri unavyopaa, nawe unazidi kuinua pua. Washa kipasha joto cha bomba, weka mkao na nguvu unazozijua.

Mkifanya mazoezi, punguzeni mwanga wa skrini. Msivute swichi za umeme kuigiza hitilafu.