Amplifaya ya valvu niliyojenga nyumbani: mvumo hauishi na besi imezidi

SoloTemeke

Ndugu zangu, habari za jioni. Kwa miezi minne nimekuwa nikijenga amplifaya ndogo ya gitaa kwa kufuata mchoro wa Fender Champ 5F1, ule wa mwishoni mwa miaka ya 1950, wenye valvu (taa za kioo za kukuza sauti na kugeuza umeme) tatu tu: 12AX7 ya kukuza sauti ya mwanzo, 6V6GT ya kusukuma spika, na 5Y3 ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC. Chasisi, yaani sanduku la bati la kubebea vifaa, nilikunjiwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kabati nimelipiga mwenyewe kwa mninga, na transfoma zote mbili niliagiza nje. Ile ya umeme imeandikwa volti 220 upande wa kuingilia.

Inafanya kazi, ila ina kasoro mbili. Kwanza, kuna mvumo mzito unaosikika hata nikifunga kitasa cha sauti kabisa. Pili, napiga solo ya rumba, ambayo kila noti inatakiwa idondoke peke yake kama tone la mvua kwenye bati, lakini nyuzi za chini zinavimba na kuzifunika za juu. Rafiki yangu alinishauri niongeze kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) ya mikrofaradi 25 kwenye kathodi, yaani ncha ya valvu inayotoa elektroni, ya hatua ya kwanza ya 12AX7. Sauti ilipanda sana, na uvimbe huo nao ukapanda. Je, nibadilishe valvu, kapasita au spika?

FundiWaRedio

Mkuu, hongera kwa kazi. Kwa sasa usibadilishe chochote. Tupatie kwanza vipimo vinne: umeme wa ukutani, volti za hita (waya unaopasha valvu joto), na volti za anodi (bamba linalopokea elektroni) na za kathodi ya 6V6. Ndani ya chasisi hiyo mna volti za kuua, na kapasita huzihifadhi hata ukishachomoa plagi. Kwa hiyo ukipima, mkono mmoja uwe mfukoni, na kabla ya kugusa waya wowote mwaga chaji kwa rizista ya kilo-omu 10 iliyofungwa klipu, kisha hakikisha kwa mita kwamba imebaki sifuri. Pia usiiwashe kamwe bila spika, kwa sababu transfoma ya spika inaweza kuungua.

Kuhusu mvumo, chukua gitaa ambalo limetuniwa vizuri na upige uzi wa sita kwenye freti ya tatu. Noti hiyo ina takriban hezi 98. Ikiwa mvumo unalingana nayo, huo ni mvumo wa hezi 100 unaotoka kwenye sehemu ya DC. Ikiwa uko oktavu moja chini yake, ni wa hezi 50 na huenda unatoka kwenye nyaya za hita.

SoloTemeke

Ahsante sana. Ukutani nimepata volti 242, hita 6.9, anodi ya 6V6 385, na kathodi yake 23 juu ya rizista ya omu 470. Mvumo unalingana na freti ya tatu, kwa mbali unapishana nayo kama mawimbi. Nimechomoa 12AX7 na mvumo haukupungua hata kidogo.

FundiWaRedio

Vipimo vimesema vyenyewe. Transfoma ya volti 220 ukiilisha 242, kila kinachotoka kinazidi kwa asilimia 10, ndiyo maana hita zimefika 6.9 badala ya 6.3. Sasa tazama 6V6: volti 23 ukigawanya kwa omu 470 unapata takriban miliampea 49, toa kama 4 zinazopita kwenye skrini (wavu ulio ndani ya valvu), zinabaki 45 za anodi. Tofauti ya anodi na kathodi ni volti 362, kwa hiyo valvu inachoma zaidi ya wati 16, ilhali majedwali ya zamani yanairuhusu wati 12 na yale ya baadaye 14. Ukizima taa za chumbani, nadhani utaona bamba lake likianza kuwa jekundu.

Dawa ninayoipenda mimi ni transfoma ndogo ya 220 kwa 12, ya ampea 1, ambayo upande wake wa volti 12 unaungwa mfululizo na umeme unaoingia kwenye amplifaya, kwa namna ya kuupinga. Washa kwanza bila kuunganisha amplifaya na upime: ukiona karibu 229 umepatia, ukiona 255 geuza nyaya mbili za upande huo wa 12. Ifunge ndani ya chasisi, nyuma ya fyuzi, na waya wa ethi (wa ardhini) uwe umekaza barabara. Kisha badilisha ile rizista ya 470 uweke omu 560 ya wati 5. Kwa hesabu yangu 6V6 itashuka hadi karibu wati 13.

Mvumo nao umejieleza. Kwenye mchoro huu anodi ya 6V6 inalishwa moja kwa moja kutoka kapasita ya kwanza ya kuchuja, na kwa kuwa kuna valvu moja tu ya kusukuma spika, hakuna ya pili ya kufuta mtikisiko wa DC unaoleta mvumo huo kama ilivyo kwenye amplifaya za valvu mbili. Usikimbilie kuweka kapasita kubwa mno mbele ya 5Y3. Valvu hiyo haipendi zaidi ya mikrofaradi 20 hivi. Weka badala yake rizista ya omu 220, wati 5, baada ya kapasita ya kwanza, kisha kapasita nyingine ya mikrofaradi 22 isiyopungua volti 500, na transfoma ya spika ilishwe kutoka hapo. Utapoteza volti kama 11 tu, na mtikisiko utabaki takriban theluthi moja.

MzeeWaDansi

Mwanangu, fundi amemaliza habari ya umeme. Mimi nizungumzie sauti, maana nimepiga gitaa la solo miaka mingi. Hiyo kapasita ya 25 ndiyo mchawi wako. Bila kapasita, hatua ile ya kwanza hukuza mara 32 hivi. Ukiiweka, inafika kama mara 60, na kwa kuwa ni kubwa, inazikuza noti zote za gitaa bila kubagua, hadi uzi wa sita mtupu wenye hezi 82. Weka mikrofaradi 0.68 badala yake. Kwa rizista ya kilo-omu 1.5 iliyo kwenye kathodi hiyo, msaada wake unaanza kushika kuanzia hezi 150 hivi kwenda juu, yaani nyuzi za solo zinapata nguvu na za chini zinaachwa zilivyo. Ni kapasita ndogo ya bei ya soda.

Valvu usiiguse bado. Ile rizista ya mrejesho ya kilo-omu 22, inayotoka kwenye spika kurudi kathodi ya pili ya 12AX7, iache pia. Wapo watu wanaoikata ili gitaa likwaruze, nawe hutaki kukwaruza. Halafu hujatuambia spika yako ni inchi ngapi.

SoloTemeke

Shikamoo mzee wangu. Spika ni ya inchi 8, omu 4.

Nimefanya yote jana na leo. Ukutani leo kulikuwa na 240, na baada ya transfoma ndogo nimepata 227. Hita ni 6.5. Mara ya kwanza niliunga kinyume, mita ikaonyesha 253, nikashukuru kwamba sikuwa nimeunganisha amplifaya. Bamba la 6V6 kweli lilikuwa na mstari mwekundu upande mmoja, sasa ni jeusi. Mvumo umebaki wa kusikika tu nikiweka sikio karibu na kitambaa cha spika.

Kapasita ya 0.68 sikuipata, nikaweka ya 1, na solo imefunguka. Hata hivyo uzi wa nne bado una unene kidogo.

MzeeWaDansi

Marahaba. Huo unene sasa nadhani ni kabati dogo na spika ya inchi 8. Azima ya inchi 10 ya omu 4, iweke juu ya meza mbele ya amplifaya, uunge kwa waya mrefu, upige wimbo uleule kwenye zote mbili. Ikiwa uzi wa nne umetulia, umeshajua pa kupeleka fedha.

SoloTemeke

Jirani anayo moja. Nitaipitia Jumamosi.