Nimeandika makala kwenye blogu ya mtu, sasa tumenuniana. Kosa la nani?

Fundi_Baridi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni fundi friji na AC, kijiwe changu kipo Buguruni. Mwaka jana nilifungua kablogu kangu ka kuelimisha wateja, maana maswali ni yaleyale kila siku na mdomo unachoka. Wasomaji ni wa kuhesabu, na nusu yao nadhani ni shemeji yangu.

Sasa kuna dada mmoja ana blogu ya mambo ya nyumbani: mapishi, usafi, bajeti. Ana watu hasa. Nikamwomba niandike kwake mara moja kama mwandishi mgeni. Akajibu palepale, "Tuma tu kaka." Makubaliano yetu yakaanzia hapo na kuishia hapo.

Nikaandika "Kabla hujamwita fundi ajaze gesi". Nilieleza kwamba friji ni mzunguko uliofungwa, gesi yake haiishi kama mafuta ya gari. Ikipungua ujue inavuja mahali, na ukijaza bila kuziba utamwita fundi tena. Ila mara nyingi tatizo wala si gesi. Mpira wa mlango umechoka (bana noti mlangoni, ikichomoka kirahisi mpira hauna kazi), au vumbi limejaa nyuma, au friji limesukumwa mpaka ukutani halipumui.

Makala ikatoka Jumatatu. Kichwa: "HIVI NDIVYO MAFUNDI FRIJI WANAVYOKUIBIA". Katikati kuna tangazo la duka la friji za mtumba, limekaa kama vile mimi ndiye ninayelipigia debe. Jina langu liko chini kabisa, ukilitafuta sana utaliona. Mafundi wenzangu wameshaisoma. Leo nimefika kijiweni nikapokewa na "shikamoo msaliti".

Nikamtumia meseji kali. Akanijibu kwamba asiye na adabu ni mimi. Haya, nikiri: niliweka namba yangu ya simu mara tatu na linki za blogu yangu tano. Na jioni ileile niliibandika makala nzima kwangu na kwenye magrupu ya WhatsApp. Sikudhani ni kosa, si nimeiandika mwenyewe?

Nimlazimishe aifute? Na taratibu za kuandika kwenye blogu za watu zikoje hasa? Nawasilisha.

Kiti_cha_Dirishani

Mkuu umekaribishwa chakula, umekula, halafu umeondoka na sahani.

Mama_wa_Mbezi

Fundi pole. Mimi nina blogu ya bustani mwaka wa sita huu, wageni nimewapokea wengi, kwa hiyo nitasema upande wa mwenyeji.

Kichwa cha habari yule dada kakosea, tena sana. Kurekebisha lugha, kupunguza aya, kukata maneno, hiyo ni kazi yangu kama mwenyeji na mgeni asinune. Lakini kichwa kinachogeuza maana lazima nimwonyeshe mwandishi kabla haijatoka. Wewe ulimsaidia mama wa nyumbani asitupe hela, yeye kakufanya umeshitaki ukoo mzima wa mafundi.

Sasa na wewe. Namba ya simu mara tatu! Fundi, hilo ni bango. Kwangu mgeni ana mistari miwili mitatu mwishoni: jina, kazi yake, linki moja. Ndani ya makala linki inakaa pale tu inapomsaidia msomaji, kwa mfano umeeleza kusafisha friji na kwako kuna picha za hatua kwa hatua. Msomaji akihisi anavutwa shati hatakufuata wewe, na mimi naye ananihama.

La kubandika kwako jioni ileile ndilo linalotuuma zaidi. Mimi nimekaa usiku nikaipanga, nikaitafutia picha, nikaitangaza kwa watu wangu niliowakusanya miaka sita, kesho yake naikuta nzima kwenye magrupu, hakuna hata linki ya kwangu. Ungetuma linki na sentensi mbili za kuonjesha tu. Ukitaka kuiweka kwako yote, mwombe, mkubaliane ikae wiki kadhaa kwanza, na juu uandike ilitoka wapi mara ya kwanza.

Kuhusu kuomba nafasi: nusu ya maombi ninayopata yanaanza "Habari admin, nina makala nzuri ya blogu yako". Makala ya nini, hasemi. Jina langu halijui na lipo juu kabisa ya ukurasa. Mmoja aliwahi kuniletea makala ya mikopo ya magari. Kwenye bustani! Mtu akiniambia amesoma makala yangu ya mchicha wa kwenye ndoo, na ana wazo la vichwa viwili ambavyo sijawahi kuvigusa, huyo namjibu siku hiyohiyo. Nisipojibu anikumbushe mara moja baada ya wiki, asinipigie saa nne usiku.

Chumvi_Kidogo

Swali dogo. Picha ulizomtumia ulizipata wapi?

Fundi_Baridi

Mbili nilipiga mwenyewe. Moja nilitoa Google.

Chumvi_Kidogo

Google huonyesha tu picha ilipo, ina mwenyewe huyo. Akija kudai ataanza na mwenye blogu, na wewe ndiye uliyempelekea. Mwambie aiondoe hata leo. Una mafriji yaliyofunguliwa kijiweni kila siku, unatafutia nini picha ya friji mtandaoni?

Wakili_wa_Daladala

Niongezee upande wa sheria, kwa kifupi maana nipo kwenye foleni Ubungo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi tangu anapoandika, haidai usajili kwanza. Kama hamkuandikishana kwamba umemuuzia, makala ni yako, yeye umempa ruhusa ya kuitoa. Na mwandishi ana haki ya kutajwa jina, na ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Kwa hiyo kwenye kichwa cha habari una hoja.

Lakini usikimbilie huko. Tazama na mzigo wake. Mnakumbuka 2018 Kanuni za Maudhui Mtandaoni zilipotoka: wenye blogu walitakiwa leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, shilingi 1,000,000 kwa mwaka, ukiacha ada ya maombi. Kuna waliofunga blogu. Kanuni zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, ila mantiki imebaki: kilichomo kwenye ukurasa wake anaulizwa yeye kwanza. Ndiyo maana mwenyeji makini atakuuliza "una uhakika na hili?", na usione anakudharau.

Safari nyingine andikeni meseji moja tu ya WhatsApp, mistari mitano: nani ana neno la mwisho kwenye kichwa, matangazo yatakaa wapi, jina litakaa wapi, naweza kuichapisha kwangu lini, na nikitaka ifutwe inakuwaje.

Mtandao_Mpole

Hizo linki tano nadhani kuna mtu alikwambia zitakupandisha Google. Ushauri huo umezeeka. Januari 2014 Matt Cutts, aliyekuwa anaongoza kikosi cha kupambana na takataka za mtandaoni pale Google, aliandika wazi kwamba kuandika kwa watu ili kuvuna linki basi tena, watu wameuharibu mchezo. Hata kama mwenyeji analipwa kuweka linki, anatakiwa kuipa alama ya kuiambia Google kwamba ni ya kulipiwa.

Na makala ileile ikiwa sehemu mbili, Google kwa kawaida huchagua moja ya kuonyesha. Inaweza kuchagua ya kwako isiyo na wasomaji, yeye aliyekupa jukwaa akapotea. Hapo lazima anune.

Ngoma_Nzito

Mimi nawapinga wote. Mtu kaandika bure, mwenye blogu anakula hela ya tangazo la mtumba, halafu tunamfundisha fundi adabu? Mngeanza na malipo.

Mama_wa_Mbezi

Ngoma, hela ya matangazo ya blogu wewe unaijua au unaisikia? Ila tangazo la duka katikati ya maneno ya fundi, hapo nakuunga mkono. Liwekewe neno "tangazo" juu, au lihamie pembeni. Fundi ana jina la kulinda.

Na Fundi, umejibu maswali ya watu chini ya makala?

Fundi_Baridi

Sijafungua tena tangu niione ile heading. Nilikuwa na hasira.

Mama_wa_Mbezi

Basi fungua. Wale wanaouliza ndio wateja uliowafuata kule, wewe umewaachia mwenyeji ambaye hajui kompresa ni nini. Halafu mwandikie yule dada, anza na makosa yako kabla ya yake. Kufuta achana nako.

Fundi_Baridi

Wakuu mrejesho.

Nimemwandikia hivi: "Dada habari za leo. Samahani kwa meseji ya jana. Nilikosea kubandika makala kwangu bila kukuuliza, nimeshaitoa na nimeweka linki ya kwako. Punguza linki zangu ubakize moja, namba ya simu toa zote. Picha ya tatu si yangu, naomba uitoe, nakutumia nyingine. Naomba kichwa kirudi kile cha mwanzo, maana wenzangu wananielewa vibaya, na lile tangazo lisikae katikati."

Akakaa kimya saa tatu, nikajua basi. Mara ikaingia sauti ya dakika nne. Dakika mbili za kwanza ni kusemwa, ya tatu kaomba radhi kwa kichwa, anasema vichwa vya hivyo ndivyo vinavyofunguliwa. Tumekutana katikati: "Friji halipoi? Usikimbilie kujaza gesi". Kusema kweli kimezidi cha kwangu. Tangazo anasema mwenye duka kalipia mpaka mwisho wa mwezi, atalishusha chini ya makala na kuandika ni tangazo. Nimekubali, ingawa roho haijatulia sana.

Sharti lake ni moja, leo nikajibu komenti zote. Nimezihesabu, thelathini na saba. Naanza na mama mmoja wa Kimara, friji lake linatoa maji chini na fundi kamwambia ni gesi.

Kiti_cha_Dirishani

Na kijiweni wanasemaje?

Fundi_Baridi

Bado msaliti. Ila mmoja kaniuliza pembeni, na yeye akitaka kuandika aanzie wapi.