Mjadala: Mtoto mwenye usonji (autism) akae na wenzake shule ya Jumapili, au atengewe darasa?

Mwalimu wa Jumapili: Bwana asifiwe wapendwa. Baadhi ya wazazi kwetu wanataka watoto wenye usonji watengewe chumba, eti wanavuruga somo. Mimi nakataa. Nina mmoja ambaye spika ikikoroma tu anaingia chini ya benchi na kuziba masikio. Nilimhamishia karibu na mlango, nikabandika picha ukutani: wimbo, hadithi, kuchora, nyumbani. Sasa anakaa mpaka mwisho. Ninyi mnasemaje?

Shemasi: Mwalimu, moyo wako mzuri. Lakini akichomoka mbio kuelekea barabarani na wewe uko peke yako na darasa zima, nani anamfuata? Msaidizi apatikane kwanza. Halafu tuseme ukweli, siku hizi kila mtoto mtundu anaitwa ana usonji. Sisi tulichapwa na tukatulia.

Mama wa Watatu: Mlichapwa! Shemasi, hapo umenigusa pabaya. Wangu anataja vitabu vyote 66 vya Biblia kwa mpangilio bila kukosea, ila ukimshika bega ghafla anapiga mayowe. Kiboko kitamfundisha nini mtoto ambaye hata mwanga wa taa unamuumiza?

Mzee wa Kanisa: Mithali 13:24 haijafutwa, mama. Asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe.

Nesi: Mzee, shikamoo. Usonji si utovu wa adabu, ni jinsi ubongo ulivyokua tangu utotoni. Wala si wa siku hizi, daktari Leo Kanner aliueleza mwaka 1943. Na si kila asiyetulia ana usonji, usonji na kutotulia kupita kiasi ni hali mbili tofauti, ingawa mtoto anaweza kuwa nazo zote.

Mpenda Maombi: Nesi, mengine hospitali hawayaoni. Kuna roho hapo. Mtoto aletwe mbele aombewe.

Mama wa Watatu: Aliletwa! Kanisa tulilokuwa, walimwita mbele bila kuniuliza, wakamzunguka, wakamshika kichwa huku wanakemea kwenye maiki. Mwanangu alijikojolea mbele ya watu wote. Tulihama.

Mpenda Maombi: Pole sana mama. Lakini kwa kosa la hao, tuache kuomba?

Mama wa Watatu: Ombeni. Niulizeni kwanza, na maiki zimeni.

Kijana wa Kwaya: Mwalimu kauliza habari ya darasa, ninyi mko kwenye fimbo na mapepo. Hiyo shule ya Jumapili yenyewe, yule Robert Raikes wa Gloucester miaka ya 1780 alikusanya watoto maskini waliofanya kazi wiki nzima, Jumapili wakazagaa mitaani watu wakiwalalamikia kwa fujo. Ilianza na wasumbufu!

Shemasi: Usinipeleke Uingereza, kijana. Sijasema mtoto yeyote afukuzwe. Nimeuliza nani anamfuata akikimbia, mpaka sasa hakuna aliyenijibu.

Mwalimu wa Jumapili: Shemasi, wazazi wanaweza kukaa kwa zamu.

Mama wa Watatu: Mwalimu, na wewe? Wazazi gani? Zamu hiyo itaishia kwetu sisi. Mimi sijasikia mahubiri mpaka mwisho tangu mtoto aanze kutembea, niko nje kwenye ngazi naye, waumini wanapita wananipa pole. Sitaki pole. Nataka mtu wa kukaa naye nikasali.

Baba Mlezi: Na sisi akina baba tupangwe kwenye hiyo zamu. Kazi ya wanawake imeandikwa wapi?

Shemasi: Mama, hilo la ngazi nimelisikia. Kwetu yuko mmoja wa hivyo, naweza kukaa mlangoni. Ila akija mbio nimshikeje, maana bega umekataza?

Mama wa Watatu: Usimshike, labda awe anafika barabarani. Tangulia mbele yake, chuchumaa, taja jina lake taratibu, kisha nyamaza. Mpe muda. Na muulize mama yake, huenda wa kwenu ana namna yake.

Mzee wa Kanisa: Mithali mmeikwepa wote.