Kuroa ya distribisyo ya Prado 1KZ: orijino ya Toyota ao adaptabo?

Dereva wa Bel-Air

Jambo wandugu wa Lubumbashi. Niko na Prado ya mwaka 1998, moteri 1KZ-TE ya dizeli. Taa ya T-BELT, ile ya kukumbusha kubadilisha kuroa ya distribisyo (mkanda wa meno unaozungusha kamshafti ya moteri), iliwaka wiki iliyopita nikirudi kutoka Likasi, na tangu siku ile sina usingizi. Gari hii ndiyo inalisha nyumba yangu: mara tatu kwa wiki ninapeleka watu na mizigo Kolwezi, karibu kilomita 300 kwenda tu. Kuroa ikikatika usiku upande wa Fungurume, na abiria ndani, sijui nitafanya nini.

Nimepita magazini tatu. Ya kwanza wananipa kuroa ndani ya karatoni ya Toyota, dola 95. Ya pili ni adaptabo (isiyo ndani ya karatoni ya Toyota), imeandikwa Mitsuboshi, dola 40. Ya tatu haina jina, iko ndani ya plastiki, dola 12, na muuzaji anaapa kwamba zote zinatoka kiwanda kimoja. Fundi wangu anasema nichukue ile ya 40, na gale (magurudumu madogo yanayoongoza na kukaza kuroa) tuziache zilezile kwa sababu "bado zinazunguka". Kulipa 95 nitalipa kama kweli inalinda moteri. Lakini kama ninanunua karatoni tu, zile 55 zinazobaki ni ada ya shule ya mtoto. Ninaomba jibu la mtu aliyefunga kwa mkono wake.

Mama wa Kampemba

Baba, mimi niko na Ipsum, moteri 3S. Kuroa ilinikatikia karibu na soko la Kenya, gari ikazimika palepale bila kelele. Tukaivuta mpaka garaji, wakatia adaptabo pamoja na pompa ya maji, kesho yake ikawaka. Huu ni mwaka wa tatu sasa, haijanisumbua. Mimi ninaona watu wanaogopa adaptabo bure.

Fundi wa Katuba

Mama, kilichokuponya ni aina ya moteri yako. Kwenye 3S, kuroa ikikatika, pistoni na supapu hazikutani, ndiyo maana ulitia mpya ukaendelea. Yaya wa Prado asifuate mfano huo. 1KZ ni dizeli: pistoni inapanda mpaka karibu kabisa na supapu, na kuroa ndiyo inashika kamshafti inayofungua supapu. Ikikatika, supapu zinapinda papo hapo, na mara nyingine kichwa cha moteri chote kinakwenda.

Sasa, yaya, hilo neno "orijino" lisikutie macho kwenye karatoni peke yake. Toyota haipiki kuroa yenyewe. Inanunua kwa watengenezaji wa kuroa, na kwa magari ya Japani majina utakayoyakuta ni Mitsuboshi, Bando na Unitta. Kwa hiyo Mitsuboshi ya kweli kwa dola 40 ni kuroa ya kuaminika. Ile ya plastiki isiyo na jina, iache hata wakikupa bure. Na karatoni ya Toyota inaweza kuchapishwa popote. Nimeshafungua moja nzuri sana, namba ya kipande inaanza na 13568 kama inavyotakiwa, lakini mgongoni mwa kuroa maandishi yalifutika nilipoyasugua kwa kidole tu.

Nenda na kuroa ya zamani ao namba ya shasi. Zilaze mbili bega kwa bega: hesabu meno, pima upana, angalia umbo la jino. Muuzaji akitaka kukuonyesha uimara kwa kuikunja kama karatasi, mkataze. Ndani mna nyuzi za kioo. Zikikunjwa sana zinavunjika, na kwa nje huoni kitu.

Ila kinachoniumiza zaidi kwenye maneno yako ni hizo gale. Mwaka 2019 nilifunga kuroa ya orijino, orijino kweli, kwenye Hiace 3L ya mteja wangu. Gale tukaiacha kwa sababu falanga zilikuwa zimemwishia. Ilikwenda miezi minne. Beringi ya gale ikakauka, ikashika moto, ikakwama, ikala kuroa mpya. Nilipofungua kifuniko nilikuta nyuzi zimejisokota kwenye pinyo la kranki (gia ya mhimili mkuu wa moteri) kama nywele kwenye kitana, na supapu zimelala upande. Beringi ya dola 15 ndiyo iliua moteri. Nilirudisha nusu ya kazi kutoka mfukoni mwangu, kwa sababu ni mimi niliyekubali kuiacha.

"Inazunguka bado" si kipimo. Itoe, itie kwenye kidole, izungushe karibu na sikio. Nzima ina grisi: inazunguka kidogo kwa uzito na kusimama kimya. Ikizunguka muda mrefu kama pia ya mtoto, na mlio mkavu ndani, imekwisha.

Chukua Mitsuboshi. Zile 55 zipeleke kwenye gale (Koyo ao NSK), kwenye tandere ya mafuta (inayokaza kuroa) kama imeanza kuvuja, na joint spi za mbele (raba za kuzuia mafuta yasitoke), kwa sababu mafuta yakidondokea kuroa yanaiozesha. Halafu kagua raba ya kifuniko. Kiangazi hiki vumbi jekundu la kwetu linaingia mle na kusaga meno kama msasa.

Dereva wa Bel-Air

Aksanti sana, yaya. Na ile taa? Fundi wangu anasema anaweza kuizima leo, niendelee mwezi mmoja nikitafuta falanga.

Fundi wa Katuba

Kuizima ni kazi ya dakika chache, lakini taa ile haioni kuroa. Inahesabu kilomita tu. Aliyekuwa na gari kabla yako labda aliizima hivyohivyo, nawe hujui. Ahirisha Kolwezi. Na siku ya kufunga, usiondoke garajini kabla fundi hajazungusha kranki kwa ufunguo, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, na alama zote zikarudi mahali pake. Akikuta inagoma, asilazimishe, aanze upya. Asiombe starta imsaidie.

Dereva wa Bel-Air

Ninarudi na habari. Tumefungua leo asubuhi. Kuroa ya zamani ilikuwa na mipasuko kwenye mizizi ya meno, na kifuniko kilikosa bulo mbili, vumbi limejaa ndani. Gale moja nilipoizungusha sikioni ililia kama mchanga kwenye sahani. Ile ya pili ilikuwa kimya, lakini nimebadilisha zote. Mitsuboshi, gale mbili za Koyo, joint spi mbili: dola 103. Tandere ilikuwa kavu, tumeiacha. Kranki imezungushwa mara mbili mbele ya macho yangu, alama zimekaa. Kilomita na tarehe nimeandika kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko. Bulo mbili zilizokosekana ninakwenda kuzitafuta sasa hivi, gari haitoki bila hizo.