Mrejesho: kengele yangu ya upepo imeanza kulia

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza kwa nini furin yangu, ile kengele ya upepo ya chuma ya Nambu (ufundi wa jadi wa hapa mkoani Iwate, Japani) niliyonunua mjini Morioka, inalia kama kijiko kwenye sufuria. Mkaniambia nitazame ulimi, kile kipande cha ndani kinachogonga kengele.

Kweli kabisa! Uzi ulikuwa umejisokota, ulimi ukapanda juu, ukawa unagonga tumboni badala ya ukingo wa chini. Nimefungua fundo, nikaushusha kama upana wa kidole. Jioni ukapita upepo kidogo tu: mlio mwembamba, mrefu, unaokwisha taratibu. Nilisimama pale barazani na sahani mkononi, nikasahau kuosha vyombo.

Pia nimebadilisha kile kikaratasi kinachoning'inia chini ya ulimi, kilikuwa kimelowa mvua za Juni. Upepo unakamata karatasi, si chuma. Kutu nafuta kwa kitambaa kikavu, na usiku naishusha kwa ajili ya majirani.

Mlio wa aina hii ndio wa kengele za stesheni ya treni ya Mizusawa, hapahapa Iwate, ulioingia kwenye orodha ya serikali ya sauti 100 za Japani mwaka 1996. Kiangazi kijacho naenda kuusikiliza. Asanteni sana.